Jembe Lilibaki, Daftari Likapotea

Sisi tuliofundishwa kuhakiki vitabu kwa ajili ya mtihani tunaijua kazi yenyewe: dhamira ni zipi, ujumbe ni upi, falsafa ya mwandishi ni ipi, na je, amefaulu au hakufaulu. Ukishajibu hayo unachukua maksi zako, unafunga kitabu na kukirudisha kabatini. Kuna kijitabu kimoja ambacho taifa zima limekihakiki kwa namna hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Ni kile cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Dhamira: kujitegemea. Ujumbe: tufanye kazi. Amefaulu. Kabatini.

Nataka kukitoa tena kabatini, na sababu ninayo. Tarehe 1 Februari 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala yake. Tangu wakati huo kila nikikaa na wenzangu wanaoandika, na hasa wale wanaojiita wa mrengo wa kushoto (nami hujihesabu humo, siku nikiwa na nauli), mjadala hauchukui dakika kumi kabla ya mtu kukitaja kijitabu cha 1967. Hutajwa kama msahafu. Mmoja anasema sera mpya imekisaliti, mwingine anasema la, sera mpya ndiyo inakifufua, tazama mkondo wa amali. Nikiuliza, jamani, nani kati yetu amekisoma mwaka huu? Kimya. Basi nimekisoma, mara mbili, na ninachokuja kusema ni hiki: kijitabu hiki kilisomwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa na siasa ndani yake.

Kwanza tukumbuke kilizaliwa katika hali gani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wasomi wale wachache, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba na mkonge, hawakutaka kukatwa mishahara yao. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400. Miezi mitano baadaye kijitabu kikatoka. Ukikisoma ukiwa na jambo hili kichwani, utasikia ndani yake sauti ya mzazi aliyekasirika ambaye amekaa chini, akanywa maji, akaamua kufikiri badala ya kupiga kelele. Ndiyo maana kwangu ni moja ya insha bora zilizowahi kutoka nchini kwetu. Inauliza swali la kitoto kabisa, yaani tunasomesha watu ili iweje, na inakataa kuondoka mpaka ijibiwe.

Mashtaka yake yanajulikana. Elimu tuliyorithi iliwaandaa wachache na kuwatupa wengi. Ilimtenga mtoto na jamii yake. Ilimfundisha kwamba maarifa yako ndani ya vitabu tu, na ikawaondoa wenye nguvu mashambani bila wao kuzalisha hata debe moja. Mwalimu anatoa hesabu: watoto kama 13 tu katika kila 100 wanaomaliza shule ya msingi ndio watakaopata nafasi sekondari. Wale 87 waliobaki wanatoka wakijiona wameshindwa, ilhali hakuna walichoshindwa, nafasi hazikuwepo. Kwa hiyo, anasema, shule ya msingi isiwe ngazi ya kwenda mahali pengine. Iwe kamili yenyewe. Hata umri wa kuanza usogezwe mbele, ili mtoto akimaliza awe amekomaa kiasi cha kufanya kazi ya maana.

Hapo ndipo linapoingia shamba. Kila shule iwe na shamba. Na hapo pia ndipo wasomaji wengi, kuanzia wizarani hadi kwa mwalimu wa zamu, walipofunga kitabu. Loo, shamba! Haya, leteni majembe.

Lakini msomaji akivumilia kurasa chache zaidi atakuta jambo la ajabu. Shamba la kijitabu si shamba la kulima tu. Wanafunzi washiriki kupanga kilimwe nini. Kuwe na hesabu zinazoeleweka za kilichoingia na kilichotoka, na wanafunzi wazijue. Ziada ikipatikana, wao pamoja na walimu waamue itumike vipi: kuboresha chakula, kujenga, au kununua kitu cha shule. Wakikosea wayaone makosa yao na wajifunze. Na kama hawashiriki kuamua, basi kazi ile inageuka kuwa utumishi tu, na hakuna kujitegemea kokote. Hayo nayaeleza kwa maneno yangu, lakini hoja ndiyo hiyo. Shamba lilikuwa darasa la siasa. Mtoto wa miaka kumi na miwili ajifunze kwamba mali iliyotokana na jasho lake ina daftari, na daftari lile yeye ana haki ya kulifungua.

Sasa niwapeleke shuleni kwetu. Nilianza darasa la kwanza 2002, mwaka ambao ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa chini ya MMEM, na tulijaa darasani kama karanga ndani ya gunia. Ilikuwa kijijini, saa kadhaa kwa basi kutoka mjini Dodoma, na jina la shule sitalitaja. Ilikuwa shule ya Kayumba kama zilivyo zote za Kayumba: madawati machache, mibuyu miwili, kengele ya rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Na shamba. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni kipindi chenyewe kiliandikwa kwa ufupi, EK. Hakuna mwalimu aliyewahi kutueleza kwamba herufi zile ni jina la kitabu. Sisi tulijua EK ni Ijumaa, njoo na jembe, asiye na jembe aje na maji.

Shamba letu lilikuwa ekari kama sita. Tulilima uwele, baadaye alizeti ilipoanza kuwa na bei. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa kifuku chetu kilivyo: mvua zinaanza Desemba zikijisikia, zinakatika Februari pale pale mmea unapozitaka, zinarudi Machi kama mgeni aliyesahau fimbo. Januari shule zinapofunguliwa ndio mwezi ambao ghala za nyumbani zimekauka. Kwa hiyo watoto ambao wengi wao walikuwa wameondoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni ndio walioinama shambani kulima. Na mtoto aliyechelewa, aliyeongea Cigogo darasani, aliyeshindwa hesabu za kugawanya, adhabu yake ilikuwa nini? Shamba. Ng'oa kisiki. Palilia mistari mitatu. Yaani kitu ambacho kijitabu kilikiita heshima ya kazi, shuleni kwetu kilikuwa ndicho kiboko chenyewe.

Mwaka 2007 tulivuna alizeti vizuri. Nakumbuka magunia yakiwa yamepangwa ndani ya ofisi, tukiyachungulia dirishani. Wiki moja baadaye hayakuwepo. Tulikuwa darasa la sita, na mwenzetu mmoja, msichana mwembamba aliyekuwa akishika namba moja au mbili kila mtihani, alinyoosha mkono paredini akauliza magunia yameuzwa shilingi ngapi. Ndilo swali lenyewe, hakuongeza neno. Wallahi hata sauti yake haikuwa ya ujeuri, ilikuwa ni ya mtu aliyezoea kuuliza majibu ya hesabu. Alichapwa pale pale mbele ya mstari, kisha akapewa shimo la kuchimba. Sisi wengine tulitazama chini. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nilisimama karibu naye kiasi kwamba ningeweza kusema, na mimi nataka kujua. Sikusema. Nimeandika hadithi mbili kuhusu siku ile na zote nimezichana, kwa sababu katika zote mbili nilijikuta nimejipa ujasiri ambao sikuwa nao.

Kijitabu nilikipata miaka mingi baadaye kwa mjomba. Yeye alikuwa mwalimu wa UPE. Alimaliza darasa la saba, akachukuliwa kwenye mafunzo yale ya vijijini, na ilipotangazwa kwamba kuanzia 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe, alikuwa tayari ameshika chaki. Watu waliwacheka, wakasema UPE maana yake Ualimu Pasipo Elimu. Mjomba hucheka naye, kisha hukaa kimya kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuniazima tena?"

"Nimekuja kuuliza. Hivi hapa panaposema wanafunzi wajue hesabu za shamba, nyie walimu mlipaona?"

"Tulipaona."

"Sasa?"

"Mwanangu, mimi mwenyewe hesabu za shule nilikuwa sizijui. Mwalimu mkuu alikuwa hazijui. Anajua mratibu, naye anaulizwa na wa wilayani. Ningemfungulia mtoto daftari lipi?"

Jibu hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kabla yake nilikuwa na hadithi nyepesi: kijitabu kizuri, walimu wabaya. Ndiyo hadithi wanayoipenda wapenda mabadiliko wengi, maana inaliacha andiko likiwa safi. Lakini shule haiwezi kuwa na daftari lililo wazi ndani ya nchi ambayo madaftari yote yanapanda juu na hayashuki. Mwalimu wa UPE aliagizwa awafundishe watoto kuamua, ilhali yeye aliagizwa kila kitu: kulima nini, hekta ngapi, mbio za mwenge lini.

Wala tusiseme kwamba jambo hili halikuwezekana katika zama zile. Kusini, huko Litowa wilayani Songea, wakulima walikuwa wameanzisha kijiji chao kabla ya Azimio, na vijiji vingine vikajiunga nao katika chama kilichojulikana kama RDA. Walikuwa wakikutana na kuamua wenyewe mambo ya mashamba na mapato, na shule yao ilikuwa sehemu ya uhai huo. Mwalimu aliwapenda, na wapo wanaosema kijitabu cha 1967 kiliiga mengi kutoka kwao. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Kosa lao kubwa ni kwamba walikuwa wakijiamulia bila kungoja viongozi wa mkoa. Miaka miwili na nusu tu baada ya kijitabu! Ukitaka kujua kwa nini magunia ya shule yetu hayakuwa na bei mwaka 2007, usiishie kwa yule mwalimu aliyeshika fimbo. Anzia Litowa.

Na hapa lazima nikihakiki kijitabu chenyewe, kwa sababu kukiabudu ni namna nyingine ya kutokisoma. Kinataka mtoto aulize, lakini chenyewe kimeandikwa na mtu mmoja aliyekwisha kupata majibu. Walimu hawasikiki ndani yake, wazazi wanatajwa tu. Kinazungumza juu ya mtoto kwa upendo mkubwa, na hakuna ukurasa ambao mtoto mwenyewe anazungumza. Uwezo wa kuamua wanapewa wanafunzi kwa ndani ya uzio wa shamba tu. Je, wakiamua kwamba hawataki shamba? Andiko halina nafasi ya swali hilo. Nasema hivi nikijua kwamba Mwalimu alikuja kuishi mambo yake kuliko viongozi wengi. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, alikuja Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Lakini ile operesheni yenyewe iliyohamisha watu kwenye vijiji, iliulizwa kwa nani?

Kuna mahali kijitabu kinanifurahisha sana, nikikisomea hapa uwanda wa kati. Kinasema tusimdharau mkulima mzee, njia zake zina sababu zilizotokana na uzoefu wa miaka, na shule ijifunze kuzielewa kabla ya kuzitupa. Sisi tuna kumbukumbu ya jambo hilo mlangoni. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga za kuokoa uhaba wa mafuta huko kwao. Walimwaga mamilioni ya pauni. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mizizi ya pori ikavunja majembe ya chuma, mvua zikafanya zinavyofanya siku zote, na 1951 mpango ukazikwa. Mzee yeyote wa Kigogo aliyekuwa akichunga ng'ombe pale angewaambia bure. Sasa nieleze, ni shule gani ya msingi ya Dodoma iliyowahi kumwita mzee wa namna hiyo darasani aeleze kwa nini bibi zetu walichanganya uwele na kunde shamba moja, au ni mti gani ukichanua ujue mvua zimekaribia? Shuleni kwetu wazee waliitwa kuchangia ujenzi wa choo.

Tena mzee huyo angeongea Cigogo, na sisi tulichapwa kwa Cigogo. Hapa tunaingia kwenye lugha, na naona ndipo wapenda mabadiliko wetu wanapojichanganya zaidi.

Kijitabu kinaisifu lugha ya taifa kwa kupata nafasi yake katika masomo, basi, kinapita. Mwaka ule ule wa 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, na hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyokiri. Sekondari ikabaki na Kiingereza kwa muda. Ule muda, bwana, haujaisha. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta, iliyotoa ripoti 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza 1985. Serikali ikakataa, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe akasema Kiingereza kwa dunia ni kama Kiswahili kwetu, kwa hiyo tusikiache kife. Sera iliyozinduliwa Februari 2015 ikakipa Kiswahili ruhusa ya kufundishia ngazi zote, bila kukiondoa Kiingereza. Tukashangilia, tukaandika mashairi. Toleo la 2023 limerudisha mambo yalipokuwa: Kiswahili awali na msingi, Kiingereza sekondari na kuendelea.

Mimi niliingia kidato cha kwanza 2009, shule ya kata. Siku ya kwanza mwalimu wa Biolojia aliingia, akaandika ubao mzima, akasoma alichoandika, akauliza kama kuna swali. Hakuna. Kesho yake vivyo hivyo. Wale tuliokuwa tukibishana juu ya kila kitu darasa la saba tulikuwa mabubu kwa wiki tatu, na baadhi yetu hawakupata ulimi tena mpaka wanamaliza. Yule msichana wa magunia alikuwa darasa moja nami. Huko hakuhitaji kuchapwa ili anyamaze.

Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012 na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakaambulia sifuri, nchi ilishtuka kama vile imeona jini. Wiki chache kabla, James Mbatia alikuwa amewasilisha bungeni hapa Dodoma hoja binafsi juu ya udhaifu wa elimu yetu na mitaala yake, na kikao kiliishia kwenye kelele. Matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka huo huo. Nilikuwa mmoja wa waliopanda daraja kwa kupangiwa upya, kwa hiyo nisijifanye msemaji wa walioshindwa. Lakini naona haya tukizungumzia lugha ya kufundishia kama suala la utamaduni tu, la kuenzi na kulinda, kana kwamba Kiswahili ni kinyago cha makumbusho. Daftari la mapato haliwezi kufunguliwa kwa lugha ambayo mtu hawezi kuulizia swali. Ndiyo hoja nzima, na ni ya kisiasa. Kwa hoja hiyo hiyo, wapiganaji wa Kiswahili tunapaswa kumkumbuka mtoto wa Mvumi au wa Mpwapwa vijijini anayefika darasa la kwanza na Cigogo chake. Kwake yeye Kiswahili ndicho kile ambacho Kiingereza kilikuwa kwetu kidato cha kwanza. Sijamsikia mpenda mabadiliko yeyote akimtetea huyo.

Mambo mengine nayapita haraka, si kwa sababu ni madogo. Mwaka 2005 HakiElimu walizuiwa na serikali kutoa taarifa zao juu ya shule, kwa kosa la kuonyesha hadharani yale ambayo kila mzazi alikuwa akiyaona. Juni 2017 kauli ya Rais iliufunga mlango kwa wasichana waliopata mimba shuleni, na Novemba 2021 waraka ukaufungua. Kwa kauli umefungwa, kwa waraka umefunguliwa. Naushukuru waraka. Bado naiona tabia ile ile ya daftari lililo juu.

Sasa turudi kwenye sera mpya, maana nimeahidi kuwajibu wenzangu. Je, imekisaliti kijitabu? Kwa upande mmoja imekwenda mbali kukizidi. Mwalimu alilikubali lile 13 katika 100 kama ukweli wa umaskini wetu na akajaribu kuwapa heshima wale 87. Leo elimu ya lazima imewekwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na tangu Januari 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne imefutwa. Anayesema hili si jambo la kimaendeleo, basi hajawahi kumwona mama akiuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya ada. Kwa upande mwingine umefika mkondo wa amali, ulioanza na mitaala mipya Januari 2024: kijana atatoka na ufundi, kilimo, ushonaji, umeme. Vizuri. Lakini nimetafuta ndani ya mijadala yote niliyoisikia hapa mjini, hotelini na kwenye kumbi, mahali ambapo mtu anauliza: karakana ya shule ikishona sare mia mbili zikauzwa, hesabu zake atazisoma nani? Sikusikia. Nimesikia ajira, ujuzi, soko, ushindani. Tunaleta jembe jipya, safari hii la umeme.

Nasi waandishi tuna letu. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida lao dogo, Cheche, wakaandika walichofikiri juu ya ujamaa kutoka kushoto ya serikali, na mwaka uliofuata likafungiwa. Walikosea mengi, walikuwa vijana, na waliandika kwa Kiingereza kwa wasomaji ambao wangeweza kuenea ukumbi mmoja. Lakini walikuwa wakisoma maandiko ya watawala kwa kuyakatalia. Sisi, katika mashairi yetu mengi na hadithi zetu, tunamlilia Mwalimu. Tukitaka kusema shule imeoza tunaandika angekuwepo Mwalimu, kisha tunaweka alama ya mshangao. Haya ni maombolezo, si uhakiki, na nayasema nikiwa na mashairi mawili ya aina hiyo yaliyochapwa kwa jina langu. Laiti tungemwandika yule mtoto aliyenyoosha mkono paredini. Si kama shujaa, maana hakuwa. Tumwandike kama mtu aliyeuliza bei.

Nilikutana naye mwaka jana sokoni Majengo, ana genge la nyanya na vitunguu. Tulicheka, tukaulizana watoto. Nilipomkumbusha magunia ya alizeti alisema hakumbuki shimo, anakumbuka kwamba siku ile alikuwa amejua jibu. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe usiku, magunia kumi na nne kwa bei ya mnada, na alitaka tu kuona kama hesabu yake imetoka sawa. Kwenye genge ana daftari la Counter Book lenye jalada gumu, ameandika wanaomdai na anaowadai kwa mwandiko ule ule wa kushika namba moja.

Kijitabu bado ninacho. Mjomba amekwisha kunitumia ujumbe mara mbili akidai chake, kina alama zake za penseli pembeni na anasema anataka kuonyesha kitu fulani kwa mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya jirani yake. Nimemwahidi nitakipandisha basi kabla kifuku hakijaanza.